Akiba Iliyokaribia Kuwa Sahihi kwa Bahati: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Methali husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanamke wa kisa hiki alikuwa na madaftari matatu, na bado habari za mali yake hakuwa nazo. Ni mwajiriwa wa miaka 38, ameolewa, ana watoto wawili, na kwa mwaka mzima aliandika kila alichokitumia bila kuruka hata siku moja. Mwaka ulipokwisha alishindwa kujibu swali la mstari mmoja, yaani kama kifedha amesogea mbele au amerudi nyuma. Aliniletea hesabu hizo kwa sababu uhasibu ndiyo kazi yangu na kwa sababu tumefahamiana siku nyingi, kiasi cha yeye kuniita kaka nami kumwita dada. Amekubali nizieleze kwa sharti kwamba jina lake na sarafu anayolipwa visionekane.

Kwa hiyo kila kiasi humu kimepimwa kwa kipimo kimoja: mshahara wake wa mwezi, baada ya makato yote, ni 100. Panapotajwa 12, ni asilimia 12 ya mshahara wa mwezi mmoja. Panapotajwa 1,200, ni mshahara wa mwaka mzima. Nimeona baadaye kwamba kipimo hiki kinafaa kuliko sarafu yenyewe, kwa sababu humlazimisha mtu aone kila kitu kwa jicho la siku zake za kazi. Mali na madeni ya mumewe hayamo, isipokuwa pale yanapogusa mfuko wake.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila jioni, watoto wakiwa wamekwisha kula, aliketi kwenye kona ya meza na mfuko wa nailoni uliojaa risiti. Risiti nyingi zilikuwa za ile karatasi inayochapwa kwa joto, ambayo wino wake hufifia, hivyo za wiki iliyotangulia alilazimika kuziinamisha kwenye taa ili asome tarakimu. Aliziandika kwanza kwenye daftari, kisha akazihamishia kwenye lahajedwali lenye mafungu 41, la mwisho likiitwa “mengineyo”. Upande wa pili wa meza mwanawe mkubwa alifanya mazoezi ya shule, na siku niliyowatembelea nilimsikia akiuliza swali lile lile la sehemu za kumi mara tatu kabla ya kujibiwa, na jibu lenyewe lilikuwa “subiri kidogo, baba”. Mumewe naye alikuwa na zamu yake ya kuhojiwa: uliponunua mafuta, risiti iko wapi? Kazi hiyo ilichukua dakika 25 kwa siku kwa wastani, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya saa 150. Ni wiki karibu nne za kazi ya kuajiriwa, zilizotolewa katika saa ambazo nyumba ilimhitaji zaidi.

Matunda ya saa hizo yalikuwa tarakimu moja. Mapato ya mwaka 1,200, matumizi yaliyoandikwa 1,020, tofauti 180. Aliamini, na aliwaambia wenzake kazini, kwamba anaweka akiba asilimia 15 ya kipato chake. Nilipomuuliza hizo 180 ziko wapi, alifungua simu akanionyesha akaunti ya akiba, ambayo kwa mwaka huo ilikuwa imeongezeka kwa 52 tu. Nilipomuuliza ana mali ya kiasi gani, alitaja kwa haraka kiasi ambacho tulipokiandika kilifika 1,569: fedha za akaunti mbili na mfuko wa uwekezaji, jumla 469, gari, 600, kiwanja, 500. Hakutaja deni lolote. Hakuwa akinificha, hakuwa amezoea tu kuliona deni kama sehemu ya swali hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Alikuwa amefuatilia mtiririko bila kupima kisima. Jambo hili lina historia ndefu kuliko lahajedwali: Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha maelezo ya uwekaji hesabu wa wafanyabiashara wa Venice mwaka 1494, hakuanza na kitabu cha kila siku. Alianza kwa kumtaka mfanyabiashara aorodheshe kila alichonacho na kila anachodaiwa, katika siku moja, kisha ndipo afungue vitabu vya mwendo wa biashara. Mhusika wetu alianzia hatua ya pili. Ukianza hapo, kila tarakimu unayoandika haina pa kuegemea, kwa sababu hakuna salio la mwanzo wala la mwisho la kuikosoa.

Tulichofanya Jumamosi moja asubuhi ni kutengeneza mizania mbili, yaani orodha za mali na madeni yote katika siku moja: ya siku ya kwanza ya mwaka ule na ya siku ya mwisho. Taarifa za benki, za mfuko na za simu zilitosha, daftari hatukulifungua.

Fedha taslimu na za akaunti hazikuleta ubishi. Akaunti ya matumizi ilishuka kutoka 40 hadi 21. Akaunti ya akiba, isiyolipa riba ya kuhesabika, ilipanda kutoka 210 hadi 262. Mfuko wa uwekezaji ulitoka 150 hadi 186, na katika ongezeko hilo la 36, michango yake mwenyewe ilikuwa 24, na 12 ilikuwa kupanda kwa thamani ya vipande, yaani sehemu za mfuko anazomiliki. Kutenganisha vitu hivi viwili kunaonekana udhia mdogo, lakini asipovitenganisha mtu hujisifu kwa akiba ambayo ni ya soko, na mwaka soko likishuka hujilaumu kwa ufujaji ambao hakuufanya.

Gari lilihitaji mazungumzo. Kwake lilikuwa na thamani ya 600 kwa kuwa ndiyo bei aliyolinunulia miaka miwili kabla. Tulitafuta magari ya aina ile, umri ule na kilomita zile yaliyokuwa yakiuzwa, tukapunguza kidogo kwa sababu bei inayotangazwa si bei inayolipwa, tukaandika 420 mwanzoni mwa mwaka na 357 mwishoni. Kwa kiwanja msimamo wangu ulikuwa mkali zaidi. Alikinunua kwa 300 na kukihesabu 500 kwa sababu jirani wa kiwanja hicho alikuwa akitaka 500 kwa cha kwake. Kutaka si kuuza. Nilimshauri akibakishe kwenye 300 mpaka siku kipande kinacholingana nacho kitakapouzwa kweli, kwa bei iliyolipwa kweli, na niko tayari kubishana na yeyote anayeona huo ni woga: mali isiyouzika kwa haraka, inayokadiriwa na mwenyewe, ndiyo mahali ambapo mizania za nyumbani huvimbia.

Kisha mkopo wa gari. Alikopa 480 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kwa miaka minne, na kila mwezi analipa rejesho la 14.8. Riba hiyo ni ile isiyopungua, yaani hukokotolewa juu ya mkopo wote wa awali kwa miaka yote minne, hata baada ya sehemu kubwa ya mkopo kwisha kurejeshwa: 480 mara asilimia 12 mara miaka 4 ni 230.4, ukijumlisha na 480 unapata 710.4, ukigawa kwa miezi 48 unapata 14.8. Kwa kuwa kwa wastani alikaa na karibu nusu tu ya fedha hizo mkononi, gharama halisi, ikipimwa juu ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 21 kwa mwaka. Alisoma mkataba wake mara ya kwanza siku ile, huku akifuata mistari kwa kalamu, na alipofika kwenye kifungu cha ukokotoaji alinyamaza kwa muda. “Kaka, kumbe asilimia kumi na mbili si kumi na mbili.” Ndivyo ilivyo. Kwa hesabu ya salio linalopungua, ambayo barua ya mkopeshaji iliithibitisha kuwa ndiyo angetumia kama mkopo ungefungwa mapema, deni lilikuwa 394 mwanzoni mwa mwaka na 289 mwishoni. Katika 178 alizolipa mwaka ule, 105 zilipunguza deni na 73 zilikuwa riba.

Vilibaki vitu viwili ambavyo hakuna daftari lake lililovitaja. Cha kwanza ni mikopo midogo ya simu, ambayo aliichukua na kuilipa kwa mzunguko usiokatika. Salio lake lilikuwa 8 mwanzoni na 41 mwishoni. Cha pili ni karadha, yaani fedha alizowapa ndugu na marafiki kwa ahadi ya kurudishiwa, ambazo tulizikusanya kwenye ujumbe wa simu mmoja mmoja: 25 mwanzoni, 58 mwishoni.

Jumla ya mizania ya kwanza ilikuwa mali 1,145 na madeni 402, hivyo thamani halisi 743. Ya pili ilikuwa mali 1,184 na madeni 330, hivyo thamani halisi 854. Kati ya 1,569 ya kichwani na 854 ya kwenye karatasi kuna pengo la zaidi ya mishahara saba. Aliisoma tarakimu ya chini kwa uso usiobadilika, akauliza tu kama nimejumlisha vizuri. Nilikuwa nimejumlisha vizuri.

Hata hivyo, pengo hilo si jambo la kuvutia zaidi katika kisa hiki, kwa kuwa lilitokana na makadirio ya bei na usahaulifu wa madeni, makosa ambayo wengi huyafanya na ambayo hurekebishwa siku moja. La kuvutia ni ile 180.

Thamani halisi iliongezeka kwa 111. Ondoa mambo ya bei tu, yaani kupanda kwa mfuko kwa 12 na kuchakaa kwa gari kwa 63, na ongezeko lililotokana na yeye kutotumia kipato chake chote linakuwa 162. Hiyo ni asilimia 13.5 ya mapato, si mbali sana na 15 aliyoitangaza. Mtu angeweza kusema daftari lilifanya kazi yake kwa kosa dogo. Lakini tulipoweka daftari na mizania bega kwa bega, tuliona kwamba tarakimu hizo mbili zilikaribiana kwa sababu daftari lilikuwa na makosa mawili makubwa yaliyovutana pande mbili tofauti.

Kosa la kwanza lilikuwa la kujidhulumu. Marejesho yote ya mkopo wa gari, 178, aliyaandika kuwa matumizi, ilhali 105 kati yake hazikuliwa na mtu. Zilihamia tu kutoka mfukoni kwenda kupunguza deni. Kosa la pili lilikuwa la kujipendelea. Kwa daftari lake, fedha za akaunti mbili pamoja na michango ya mfuko zilipaswa kuongezeka kwa 180. Ziliongezeka kwa 57, na wakati huo huo mikopo ya simu ilipanda kwa 33. Kwa hiyo 123 zilitoweka bila kuandikwa, na 33 nyingine zilikopwa, nazo zikatoweka: jumla 156 kwa mwaka, au 13 kila mwezi, katika nyumba ambamo hata bei ya kiberiti ilikuwa na mstari wake.

Tulitumia sehemu kubwa ya mchana kuzitafuta, na hapa naona inafaa kueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu linasema mengi juu ya namna watu wanavyoandika matumizi. Karadha mpya zilimeza 33. Hakuziandika kwa kuwa kwake hazikuwa matumizi, zingerudi. Michango ya ugonjwa, harusi na misiba ilifika 50. Hakuiandika kwa kuwa ulikuwa wajibu, na wajibu, kwa maneno yake, “si kitu cha kuhesabia watu”. Ada za mikopo ya simu zilikuwa 19 na makato ya kutuma na kutoa fedha 12. Hizi hazina risiti ya karatasi, na mfumo wake wote ulijengwa juu ya karatasi. Zilizobaki, 42, hatukuzipata. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba hakuna hata kimoja kilichosahaulika kwa uvivu. Daftari liliandika kile ambacho mwandishi alikiona kuwa matumizi, na kikabaki nje kile alichokiita kwa jina jingine. Fungu la 42 au la 43 lisingesaidia. Mizania haina udhaifu huo, kwa sababu haiulizi fedha zimeitwaje, inauliza tu zipo au hazipo.

Upo uhusiano mmoja wa hesabu ambao wahasibu tunaufahamu sana mpaka tunasahau kuwaambia wengine: matumizi ya kipindi ni mapato ya kipindi hicho ukiondoa ongezeko la thamani halisi, baada ya kuweka kando mabadiliko ya bei za mali. Kwa mhusika wetu, 1,200 ukiondoa 162 ni 1,038. Hayo ndiyo matumizi yake ya kweli, wastani wa 86.5 kwa mwezi, na yamepatikana bila risiti hata moja. Mizania mbili zinaweza kutengenezwa kwa dakika chache mtu akishazoea. Saa 150 za jioni zilitoa 1,020, ambayo ilikuwa na kosa ndani yake.

Tarakimu ya akiba ikiwa karibu sahihi, madhara yako wapi? Yako katika mahali ilipo akiba hiyo. Mhusika alidhani ana 180 mpya za kumsitiri siku ya dharura. Katika 162 za kweli, 105 zilikuwa ndani ya mkopo wa gari uliopungua, ambako haziwezi kutolewa mtoto akiugua usiku. 33 zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Kilichobaki, fedha zilizoongezeka ukiondoa mikopo ya simu iliyoongezeka, ni 24. Mtu mwenye akiba ya asilimia 13.5 alikuwa ameongeza asilimia 2 tu ya kipato chake katika fedha anazoweza kuzishika, na ndiyo sababu kila mwezi, kuanzia siku ya ishirini hivi, alikopa kwenye simu huku akishangaa.

Mikopo hiyo ya simu ilikuwa na fumbo lake. Wakati alipokuwa akidaiwa 41, alikuwa na 262 kwenye akaunti isiyolipa riba. Hata tukichukua wastani wa deni hilo kwa mwaka kuwa 25, ada ya 19 ni zaidi ya robo tatu ya deni lenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakulipa deni kwa akiba. Alijibu bila kusita kwamba akiba haiguswi. Richard Thaler ameandika tangu miaka ya 1980 juu ya tabia hii ya kugawa fedha katika vyumba vya akilini, ambamo kila chumba kina sheria zake na fedha za chumba kimoja haziruhusiwi kuokoa za kingine. Siidharau tabia hiyo. Bila kufuli hilo huenda zile 262 zisingekuwapo. Lakini mizania huangusha kuta, na ukiona 262 na 41 kwenye ukurasa mmoja, moja juu na nyingine chini, ni vigumu kuendelea kulipia ukuta huo ada kila mwezi. Alilipa 41 zote jioni ile ile, akafunga huduma hiyo kwenye simu.

Karadha zilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hapo hesabu hugusa heshima ya watu. Mkopeshaji wa kibiashara angezitenga kwa umri na kuzifuta zilizochelewa. Yeye aliona kumfuta shangazi ni kama kumvunjia imani. Tulikubaliana kwamba karadha zitaandikwa kwenye mstari wao chini ya mizania, nje ya jumla, na kila karadha mpya itahesabiwa kuwa imetumika siku inapotoka. Hakuna anayesamehewa deni, wala hakuna anayeitwa mdaiwa sugu. Ni jumla tu inayokataa kuzitegemea. Kwa kanuni hiyo thamani halisi ya mwisho wa mwaka inakuwa 796 badala ya 854, na matumizi ya mwezi yanapanda hadi 89. Nadhani hiyo ndiyo picha ya haki zaidi, ingawa najua wahasibu wenzangu ambao wasingekubali. Mafao yake ya uzeeni tuliyaweka kwenye mstari huo huo wa chini, kwa sababu nyingine: hayawezi kuguswa kwa miaka mingi, na thamani yake hutegemea mambo ambayo hayako mikononi mwake.

Lilikuwapo pia suala la mfuko wa uwekezaji, ambao programu yake aliifungua kila asubuhi kabla ya kuamka kitandani. Mwezi wa tano vipande vilishuka na mfuko ukapungua kwa 9 ndani ya wiki mbili. Alijaza fomu ya kutoa fedha zote, akaiacha mezani siku kadhaa, bei zikarudi, hakuituma. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu zaidi kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha, na mwaka 1995 Shlomo Benartzi na Thaler wakaonyesha matokeo yake kwa mwekezaji: anayetazama mara nyingi hukutana na hasara mara nyingi, kwa kuwa katika siku moja moja kupanda na kushuka hukaribia kulingana hata pale ambapo mwaka mzima ni wa faida, hivyo huumia zaidi kwa uwekezaji ule ule. Fomu ile ilikuwa matokeo ya kutazama, si ya soko. Aliifuta programu kwenye simu akabakiza taarifa ya kila mwezi.

Utaratibu mpya ni ukurasa mmoja wenye mistari sita, unaojazwa mara moja kwa mwezi, siku moja baada ya mshahara kuingia: akaunti mbili, mfuko, mkopo wa gari, mkopo mwingine wowote, na jumla. Gari hukadiriwa upya kila miezi sita. Siku ya mshahara, 4 huhamia akiba na 2 kwenye mfuko zenyewe kwa maagizo ya kudumu, kabla hajagusa kitu. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa 8, akakataa, na alikuwa sahihi: mkopo wa gari unaoliwa na rejesho la kila mwezi tayari ni akiba ya lazima, na kumbana zaidi kungemrudisha kwenye simu kabla ya mwezi kwisha. Alitaka pia kujua kama aufunge mkopo wa gari mapema kwa kuwa una gharama ya asilimia 21. Kwa hesabu tupu jibu ni ndiyo. Lakini 289 ni nyingi kuliko fedha zote zilizobaki kwenye akaunti zake, na fedha hizo, zilizokuwa 242 baada ya kulipa mikopo ya simu, zinamtosha miezi miwili na nusu hivi ya matumizi na marejesho. Kinga nyembamba kiasi hicho haichezewi kwa ajili ya riba.

Miezi sita ya kwanza ilikwenda kwa mwendo usio sawa. Mwezi wa kwanza matumizi, yaliyopatikana kwa kutoa, yalikuwa 80. Wa pili yalikuwa 97, na hapo alirudi kwenye daftari kwa namna ambayo naiona kuwa ndiyo matumizi yake halali: kwa wiki nne tu, na kwa jambo moja tu, yaani fedha taslimu anazotoa kwenye mashine. Aligundua kwamba alikuwa akitoa kidogo kidogo mara nyingi, akilipia makato kila mara, na kwamba taslimu ikishatoka haina kumbukumbu. Alipunguza kutoa akabaki na mara mbili kwa mwezi. Mwezi wa tatu hakujaza ukurasa kabisa. Mtoto mdogo alilazwa siku nne na tarehe ikapita. Chini ya utaratibu wa zamani siku nne zingeacha shimo lisilozibika. Huku, alipojaza mwezi wa nne, tofauti ya mizania ilimpa matumizi ya miezi miwili kwa pamoja, 164, na hakuna kilichopotea isipokuwa kujua mgawanyo wake. Mwezi wa tano 83, wa sita 78. Jumla ni 502 katika mapato ya 600.

Fedha za akaunti sasa ni 266, mfuko 193 baada ya michango ya 12 na kushuka kwa bei kwa 5, na mkopo wa gari 227. Akiba ya nusu mwaka ni 98, lakini 62 kati yake ni mkopo uliopungua, na safari hii anajua hivyo. Matumizi ya wastani yameshuka kutoka 89 hadi karibu 84 kwa mwezi. Si mapinduzi, na ushindi wa 5 kwa mwezi usingetosha kuitwa mafanikio kama usingekuja pamoja na jioni zote zile zilizorudi kwenye sehemu za kumi. Ipo pia hatari ambayo bado haijashughulikiwa: 266 hizo zimekaa pasipo riba, na bei za vitu zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, uwezo wake wa kununua hupungua kwa nusu katika miaka 12 hivi. Tumekubaliana kulitazama hilo mkopo wa gari utakapokwisha, wakati 14.8 za kila mwezi zitakapohitaji makao mapya.

Mwezi wa saba alinipigia simu akiwa na mshangao. Shangazi alikuwa amerudisha 9. “Sasa kaka, hii naiandika wapi, na wewe ulishaitoa kwenye jumla?” Nilimwambia aiongeze kwenye mapato ya mwezi huo katika mstari wa pekee, ili isionekane kana kwamba ametumia kidogo kuliko alivyotumia, kisha apunguze ule mstari wa chini kutoka 58 hadi 49. Alinyamaza akiandika, kisha akauliza kama anaweza kuiacha akaunti ya matumizi badala ya kuipeleka akiba, kwa kuwa ana hakika shangazi ataihitaji tena kabla ya mwaka kwisha.